Vikapu Visivyo na Majina: Ziara ya Kiriri na Historia ya Neno Sanaa

Jumamosi moja ya muhula huu, wanafunzi 23 na walimu wawili wa Idara tulipanda Kiriri kutazama maonyesho ya sanaa na kazi za mikono. Ziara ilikuwa sehemu ya somo la msamiati wa nyanja maalumu, na lengo lake lilikuwa dogo tu: kila mwanafunzi arudi na maneno ishirini ya Kiswahili ya vitu alivyoviona kwa macho yake, si alivyovikuta kamusini. Nilikuwa nimewaandalia karatasi yenye orodha ya kuanzia. Karatasi hiyo ndiyo iliyotuponza, kama nitakavyoeleza.

Kwa msomaji asiyeijua Bujumbura, Kiriri ni mtaa wa mlimani, upande wa mashariki wa jiji. Ukisimama huko unaliona Ziwa Tanganyika lote lililo mbele yako na milima ya Kongo ng'ambo yake. Wakati wa Wabelgiji hapa palikuwa makazi ya Wazungu, na katika miaka ya 1950 Wajesuiti wakajenga hapa Collège du Saint-Esprit, majengo ambayo baadaye yakawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Waafrika walipangiwa kukaa chini, kwenye tambarare. Huko chini ndiko kulikokuwa na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na ndiko lugha yetu ilikokuwa ikisemwa na wafanyabiashara, madereva na mafundi, huku mlimani watoto wa wakubwa wakifundishwa kwa Kifaransa. Nilipowaona wanafunzi wangu wakipanda barabara ile ya Kiriri huku wakibishana kwa Kiswahili kama neno sahihi ni "kikapu" au "kapu", nilijiambia kwamba kuna kitu kimebadilika.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mchangamfu. Alianza kwa Kifaransa, akaingia Kirundi, na alipoambiwa kwamba sisi ni watu wa Kiswahili akacheka, akaendelea kwa Kiswahili cha mjini, kizuri tu. Ukumbi ulikuwa umegawanyika sehemu mbili. Ukutani zilitundikwa picha za rangi: sura za watu, soko, wavuvi, na moja ya duara nyeusi na nyekundu ambayo kila mtu aliielewa kwa namna yake. Mezani viliwekwa vikapu vya mifuniko mirefu (agaseke), vyungu, vinyago, ngoma ndogo, na picha zilizobandikwa kwa majani makavu ya mgomba. Chini ya kila picha ya ukutani palikuwa na kibandiko chenye jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, aina ya rangi na bei. Mezani vibandiko vilikuwa vifupi zaidi: "Agaseke, Burundi", kisha bei.

Msichana mmoja wa mwaka wa tatu ndiye aliyeuliza. "Kaka, samahani. Mbona picha zina wenyewe na vikapu havina?"

Mwongozaji alifikiri kidogo, akajibu kwa upole: "Zile ni sanaa. Hivi ni utamaduni."

Msichana hakuridhika. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, kwenye karatasi yako umeandika hivyohivyo."

Nikaitazama karatasi. Alisema kweli. Nilikuwa nimeandika: mfinyanzi, anayefinyanga vyungu, msusi, anayesuka vikapu, mchongaji, anayechonga, mchoraji, msanii anayechora. Neno msanii lilikuwa mbele ya mmoja tu kati ya wanne. Sikuwa nimekusudia. Kalamu ilikwenda yenyewe ilikozoea kwenda.

Juu ya hilo, wavulana walikuwa wakicheka neno "msusi", kwa sababu wao wanamjua msusi wa nywele tu, yule wa saluni. Nikawaeleza kwamba nywele, mikeka na vikapu vyote husukwa, lakini siku hizi ukisema msusi bila kuongeza neno, msikilizaji anaona kichwa cha mtu, haoni kikapu.

Nimelichukua swali la msichana yule hadi nyumbani, na makala haya ni jaribio la kumjibu. Nikianza na maneno yenyewe, jibu la mwongozaji halina msingi katika Kiswahili. Neno sanaa limetokana na Kiarabu, na mzizi wake katika lugha hiyo ni wa kufanya, kutengeneza, kuunda kwa ustadi. Mhunzi, seremala na mfinyanzi wote wamo ndani yake tangu mwanzo. Fundi nalo lina mzizi uleule wa -fund- tunaouona katika funda, fundisha na mwanafunzi. Fundi, basi, ni mtu aliyefundwa. Kirundi kimeliazima neno hilo na kulipunguza: umufundi kwetu kwa kawaida ni mwashi, anayejenga nyumba. Msanii naye yamemkuta ya kwake. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, magazeti yalikuwa yakisema kwamba mwanasiasa fulani "anafanya usanii", maana yake anadanganya watu. Neno lililopandishwa cheo huku likashushwa kule.

Linalonigusa zaidi ni la mfinyanzi. Katika Kirundi, kazi ya kutengeneza chungu ni kubumba, na mwenye kazi hiyo ni umubumvyi. Kitenzi hicho ndicho kuumba chetu cha Kiswahili, mzizi mmoja wa Kibantu, ila Kiswahili kimedondosha sauti ya /b/. Mwanzoni kabisa maana yake ilikuwa kufinyanga udongo. Waswahili wakampa Mungu kitenzi hicho, wakamwita Muumba, na mtu wa udongo wakamwachia kufinyanga. Huku kwetu wanaobumba tangu zamani ni Batwa hasa, watu waliodharauliwa kuliko wote nchini, ambao mabonde yao ya udongo yamegeuzwa mashamba na vyungu vyao vimeshindwa na plastiki na sufuria. Kitenzi cha uumbaji kimebaki kinywani mwa mtu asiyeandikwa jina kwenye kibandiko. Wanafunzi wa isimu linganishi walinakili hayo harakaharaka. Wengine walikwenda kukitazama chungu upya.

Kama lugha haikutenganisha, nani alitenganisha? Hapa inabidi tuvuke Ziwa Viktoria hadi Kampala. Mwaka 1937 Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji na uchongaji barazani kwake, na darasa hilo likawa Shule ya Sanaa ya Makerere. Lilizaa wachoraji wanaojulikana kwa majina hadi leo, mmojawapo Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika mjini London. Katika miaka ya 1940 mama huyohuyo aliwahi kuyasimamia Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 alitoa, pamoja na Klaus Wachsmann, kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda. Ni kitabu cha thamani. Wanafunzi wa msamiati wa kazi wanaweza kukisoma kwa faida hata leo. Lakini angalia kilichotokea: mtu mmoja, katika mji mmoja, alikuwa na milango miwili. Aliyepita mlango wa shule aliandikwa jina lake. Aliyeleta kikapu kwenye mlango wa makumbusho aliandikwa kabila lake. Sidhani Trowell alikuwa na nia mbaya. Aliipenda mikono ya watu wa Uganda kuliko watawala wengi wa wakati wake. Ila milango ile miwili imebaki. Meza na ukuta wa Kiriri ni milango hiyohiyo.

Tanzania nayo ina visa viwili vya kuangalia, na vinakwenda kinyume. Wachongaji wa Kimakonde, wengi wao waliovuka kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, walipata soko Dar es Salaam katika miaka ya 1950 kupitia wafanyabiashara kama Mohamed Peera. Wataalamu wanajua kwamba mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa, na ule wa watu waliopandana, ulioitwa dimoongo na baadaye Ujamaa, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Lakini nilipokuwa nikitembea Mwenge Jumapili, nikiuliza kinyago fulani kimechongwa na nani, jibu lilikuwa lilelile kila kibanda: "Wamakonde." Watu binafsi walimezwa na kabila.

Kwa Edward Saidi Tingatinga mambo yaligeuka. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kupaka rangi za baiskeli kwenye mbao laini zilizoshindiliwa, akichora wanyama na ndege. Aliuza karibu na duka la Morogoro Stores, Oysterbay, wanakopita wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Jamaa zake aliowafundisha, akina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Mtalia, Kasper Tedo na Omari Amonde, waliendelea, na mwaka 1990 chama cha ushirika kikasajiliwa kwa jina lake. Leo picha yoyote ya twiga wa rangi kali inaitwa "tingatinga", kwa herufi ndogo, hata ikiwa imechorwa na kijana aliyezaliwa miaka thelathini baada ya mwenye jina kufa. Kwa hiyo jina la mtu mmoja nalo linaweza kuwameza wengine. Nasema hivi ili tusidhani kwamba ukibandika jina lolote kazi imekwisha.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko ng'ambo ya pili, Lubumbashi, nacho ni chetu zaidi kwa sababu kilifanyika kwa Kiswahili. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mchoraji wa mitaani. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuwauzia wafanyakazi wa mgodini na watu wa kawaida, ambao walizitundika picha sebuleni mwao. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian takriban picha mia moja zinazosimulia historia ya nchi yake, tangu kabla ya Wazungu hadi Zaire ya Mobutu, na wawili hao wakazungumza juu ya kila picha kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo yalirekodiwa na kuchapishwa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba alitia saini picha zake. Alijiona mwanahistoria, na alisema hivyo. Habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwalimu wa Kiswahili anapaswa kukisoma kitabu kile kwa sababu ya neno moja: ukumbusho. Wanunuzi wa Lubumbashi hawakuziita picha zile "sanaa". Waliziita ukumbusho, yaani kitu kinachomfanya mtu akumbuke na akianza kukumbuka aanze kusimulia. Picha ya mfungwa anayechapwa mbele ya askari wa Kibelgiji ilitundikwa karibu na meza ya chakula, na mgeni akiuliza, mwenye nyumba anamweleza babu yake aliyapitia yapi. Hiyo ni nadharia kamili ya sanaa, imetungwa kwa Kiswahili na watu wa mgodini, na sisi katika mitaala yetu hatujaiandika hata mstari mmoja. Tunaendelea kufafanua sanaa kwa kutafsiri fasili za Ulaya. Nalisema hili kwa kujilaumu, maana muhtasari wa somo hilo niliuandika mimi.

Turudi Burundi. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, chini ya utawala wa Wabelgiji, na yamehifadhi vyombo vya ikulu ya wafalme na vya nyumba za watu. Tunashukuru kwamba vipo. Lakini chombo kikiingia makumbusho bila jina la mtengenezaji, ni vigumu sana kulipata jina hilo miaka sabini baadaye. Na si kweli kwamba Warundi wa zamani hawakujali majina ya vitu. Ngoma za Gishora, karibu na Gitega, zilipewa majina kama watu: Ruciteme na Murimirwa. Hilo la pili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulichambua, ni kulima katika kauli ya kutendea na kutendwa, "anayelimiwa". Upigaji wa ngoma hizo za kifalme uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Tunalijua jina la ngoma, mti unaochongwa, na mfalme aliyepigiwa. Aliyeshika tezo hatajwi.

Sasa nimalizie ya Jumamosi ile. Nyuma ya meza ya vikapu alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, kimya. Sote tulimdhania muuzaji. Mwongozaji alimpita mara mbili bila kumtambulisha. Msichana wangu wa mwaka wa tatu, ambaye sasa alikuwa amepata moto, alimwendea na kumsalimu kwa Kirundi, kisha akamwuliza kama anawajua waliosuka vikapu vile.

"Vitatu ni vyangu," alisema mama. "Hiki, hiki, na kile kidogo."

"Unavijuaje, mama, na vyote vinafanana?"

"Mwanangu, wewe mwandiko wako huujui?"

Akatuonyesha jinsi anavyofunga ukingo, na jinsi anavyoanza kitovu cha chini. Hapo tena karatasi yangu ikaanguka mtihani. Agaseke hakasukwi kwa kupishanisha chane, kama mkeka wa pwani unavyosukwa ukili. Nyasi hufungwa fungu jembamba, fungu linazungushwa juu ya jingine, na kila mzunguko unashonwa kwa sindano kwenye ule wa chini. Mama alisema anashona. Kitenzi chake kilikuwa sahihi kuliko changu, na orodha ya Idara imekwisha kurekebishwa: kikapu cha mzunguko hushonwa, ukili husukwa kisha hushonwa, nguo hufumwa. Alisema pia kwamba kile kidogo kilimchukua wiki mbili, akifanya jioni baada ya shamba.

Msichana akamwomba jina lake ili tuliandike kwenye kibandiko. Nilitazamia afurahi. Badala yake alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Mkishaliandika, nani atalisoma? Watakuja kunidai ikori?"

Ikori ni kodi. Wanafunzi walicheka, mimi sikucheka. Enzi ya Wajerumani na baadaye ya Wabelgiji, kuingizwa jina kwenye daftari la mtawala mara nyingi kulikuwa ni kuingizwa kwenye kodi na kazi za lazima, na aliyekosa alikijua kiboko. Katika nchi hii, miaka iliyofuata uhuru pia ilikuwa na orodha zake za majina ambazo hakuna familia iliyotamani kuonekana humo. Sisi wasomi tumezoea kudhani kwamba jina kuandikwa ni heshima. Heshima hiyo ni ya watu ambao daftari halijawahi kuwadhuru.

Tulikaa naye karibu nusu saa. Mwongozaji naye alivuta kiti, na haki yake nimpe: ndiye aliyemweleza vizuri kuliko sisi kwamba kibandiko ni cha mnunuzi tu, na kwamba mnunuzi akilijua jina anaweza kurudi kuagiza kingine. Hoja hiyo ya kuagiziwa ilimwingia. Akakubali jina lake la kwanza na la kilima anachotoka viandikwe mezani pale, lakini visiandikwe mahali pengine. Ndiyo sababu msomaji halioni jina lake katika makala haya, ingawa makala yote ni juu ya majina.

Wiki iliyofuata wanafunzi walirudi Kiriri bila mimi, wakawatafuta watengenezaji wa vitu vingine vya mezani, wengine kwa simu, wengine kupitia wenzao wa ushirika. Walipata majina kumi na moja. Wanawake wawili walikataa, na mfinyanzi mmoja alitaka kibandiko chake kiandikwe kwa Kirundi, umubumvyi, si mfinyanzi. Tulimwandikia hivyo. Vibandiko vingine ni vya lugha mbili, Kirundi na Kiswahili, kwa kuwa tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 wanunuzi kutoka Kigoma, Kampala na Nairobi si wageni tena hapa. Vikapu viwili kati ya vitatu vya yule mama vilikuwa vimeshauzwa vibandiko vilipofika.

Orodha mpya ya msamiati inapatikana ofisini. Walimu wanaoitumia wanaombwa wairekebishe kwa kalamu pale watakapokuta kosa, na wasione haya, kwani nimeshazoea. Ziara ijayo ni ya Gitega, makumbusho na kilima cha Gishora, siku mbili. Gari lina nafasi 25. Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa katibu wa Idara kabla ya mwisho wa mwezi.